Konzi ya Kahawa

Kwa! Kwa! Kwa-kwa! Hivyo ndivyo kahawa ilivyolia asubuhi ikianguka ndani ya debe tupu. Debe likishafunikwa chini, mlio unakufa, unabaki kama watu wananong'onezana. Mpaka leo mvua ikianza kugonga bati, vidole vyangu vinataka kuchuma.

Mimi na mama tulichuma kwenye shamba la mzungu upande wa Ruiru, tangu shule yetu ilipofungwa. Ilikuwa wakati wa Imajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ili kupambana na wapiganaji wa msituni. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji chenye handaki pande zote na lango moja tu, na baba hakuwepo. Asubuhi moja wanaume walipangwa mstari mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Mtu huyo hakusema neno. Akitikisa kichwa mbele yako, unapandishwa lori, unaenda kizuizini. Alitikisa mbele ya baba.

Gunia lilificha uso, lakini viatu vilionekana. Vilikuwa viatu vya tairi, kimoja kimefungwa kwa waya, na kijiji kizima kilivijua. Vilikuwa vya jirani yetu. Miezi michache baadaye jirani huyo akaokotwa handakini amekufa, na hakuna aliyeuliza sana. Mkewe akabaki na mtoto mgongoni na kikohozi kifuani, akachuma mstari unaofuata wetu.

Sasa, wanawake wachumaji walikuwa na desturi yao. Mwenzao akiwa mgonjwa, au ametoka kujifungua, kila anayepita karibu anamtilia debeni konzi moja ya kahawa, mkono mmoja uliojaa. Hakuna asante, hakuna maneno. Lakini kwa mjane yule hakuna aliyetia. Jua lilifika utosini madebe yetu yamenyamaza zamani, na lake bado linalia kwa, kwa.

Mimi sikuwa mtu wa kununa. Nilikuwa katika darasa la ubatizo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchagua jina. Kila mti wa kahawa niliujaribishia jina jipya, nikiubatiza kwa sauti nzito ya mchungaji.

"Na leo wewe ni nani?" mama aliniuliza.

"Bado sijaamua, maitu." Ndivyo tulivyowaita mama zetu.

"Amua basi. Jina halijazi debe."

Alicheka, lakini nilijua nguo yangu nyeupe ya ubatizo tayari ilikuwa imekunjwa chini ya mto wake. Aliishona kwa mkono, kwa kitambaa cha amerikani.

Darasa lilikuwa Jumamosi mchana. Mwalimu wetu alikuwa mwinjilisti mmoja mzee, aliyepoteza meno ya mbele yote. Watu wa msituni walimpiga kwa kukataa kula kiapo. Halafu askari nao wakampiga kwa kukataa kuwataja waliompiga.

"Mimi nawajua wote kwa ngumi zao," alipenda kusema. "Askari anapiga kama mtu wa kibarua. Yule wa msituni anapiga kama mtu anayekudai. Maumivu ni yale yale."

Ili ubatizwe ilibidi usimame peke yako mbele ya wazee wa kanisa, useme sala ya Bwana yote bila kuruka. Mimi nilikuwa naruka. Tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nilifunga mdomo, nikaufungua mbele kidogo. Katika sauti za wengi nani atajua? Mzee alijua.

"Wewe msichana, sala yako ina pengo kama mdomo wangu."

Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akangoja waondoke ndipo akaniuliza kuna nini. Nikamwambia habari ya viatu, na machozi yakanitoka.

"Mungu yuko upande gani, mzee? Homgadi wa serikali wanaomba kabla ya kushika doria. Mama anaomba baba arudi. Wote wanasema amina."

"Kwa nini baba yako alichukuliwa, sijui. Nikisema najua nitakudanganya. Lakini nilipokuwa chini napigwa nilimwita Yesu. Mara ya kwanza alikuwa pale chini na mimi, na mara ya pili alikuwa pale pale. Basi mimi nikimtaka, humtafuta chini."

"Na yule mjane?"

"Wewe unamwona yuko juu au yuko chini?"

Mzee aliinuka, akapangusa suruali. "Usiseme maneno ambayo hayajaiva moyoni. Kahawa ya kijani haichumwi. Lakini usiache kwenda kuutazama mti. Wazee wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Ukishindwa, utangoja mwakani."

Jioni nilimweleza mama. Alichochea moto kwanza. "Hata mimi pale pa kusamehe napita mbio," akasema, "kama mtu anayekanyaga majivu ya moto." Halafu akaongeza kuni.

Siku tano zikapita hivyo. Ijumaa mtoto wa mjane aliamka na homa. Mama yake alichuma kidogo, akaenda kukaa naye kivulini, mbali, chini ya miti ya kuzuia upepo. Debe lake likabaki peke yake katikati ya mistari. Mama yangu alikuwa amepeleka kahawa yetu kupimwa. Mnyapara alikuwa akigombana na mtu kule chini.

Nilijaza konzi, nikanyoosha mkono juu ya debe, nikaachia.

KWA!

Niliruka kama mwizi wa kuku. Nilidhani Ruiru nzima imesikia. Hakuna aliyegeuka.

Nikajaza konzi ya pili. Safari hii niliinama, nikaingiza mkono mpaka chini kabisa, nikailaza kahawa taratibu isilie. Debe lilinuka mafuta ya taa ya zamani na utamu wa kahawa mbivu. Nikiwa bado nimeinama hivyo, uso wangu ndani, nilisema sala yote. Pale pa kuwasamehe sikupita mbio. Bati likanirudishia sauti, ikawa kama tunasali wawili.

Kisha nikaenda kujaza konzi nyingine.