Siku Niliyotolewa Pepo Mlimani

Mimi nimewahi kutolewa pepo ambalo sikuwa nalo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, katikati ya mlima wa Mbeya. Akina mama sita wamenishika kichwa, mchumba wangu amesimama nyuma anaangalia.

Nilichokuwa nacho ni kuishiwa pumzi. Basi.

Ngoja nianze mwanzo, ili mnicheke kwa utaratibu.

Naitwa Jofrey, wa Kihesa, Iringa. Natengeneza makochi. Nikishamaliza kochi nalijaribu, na mara nyingi nalijaribu mpaka nasinzia.

Mwaka jana nikampata Tumpe, Mnyakyusa wa Mbeya, muuguzi. Mrembo, ana akili, halafu ananipenda. Nilijua bahati hiyo haiji mara mbili kwa mtu wa saizi yangu.

Siku ya kwanza kuchati akaniambia Jumamosi zake ni za kupanda milima.

Nikajibu, "Hata mimi. Udzungwa nimeimaliza."

Udzungwa mimi naijua kwenye kalenda. Nilichowahi kupanda ni jiwe la Gangilonga, pale mjini Iringa, ambalo watoto wa shule wanalipanda huku wanakula miwa. Nilimlaza mpiga picha chini, nikaonekana kama nimesimama mawinguni. Ndiyo picha niliyomtumia.

Kuanzia hapo kila akiniuliza nikawa naongeza mlima.

Sasa, Tumpe hana baba. Anayesimamia mambo yake ni kaka yake mkubwa, Ezekia, na barua ya posa ilikuwa ipitie kwake. Huyo Ezekia ndiye mwenyekiti wa kikundi chao cha kupanda milima. Wanamwita Kamanda. Ana fimbo mbili, filimbi shingoni, na miwani ya jua ambayo havui hata kwenye ukungu.

Akanitumia ujumbe: "Mnyalukolo wa Iringa, sifa zako tumezisikia. Njoo Jumamosi tupande wote. Mwanaume anajulikana mlimani. Ukifika kileleni, Jumatatu lete mshenga. Usipofika, tusisumbuane."

Mnaona nilipofikia. Basi la kwenda Mbeya linapita Igawa, bado natafuta ugonjwa wa kusingizia.

Jumamosi alfajiri tukakutana chini ya mlima, watu wanane, fulana zimeandikwa MPAKA KILELENI. Tukapigana picha. Picha za viatu, picha za kuruka, picha ya Devotha akiangalia mbali kwa mawazo. Devotha ni mwanakikundi aliyeshapost "nimeushinda mlima" mara tisa. Hatujapanda hata hatua kumi, simu yake ikaanza kulia chaji.

Tukaanza kupanda.

Dakika ishirini za kwanza kwenye mikaratusi nilijikaza kisabuni. Baada ya hapo moyo ukahamia masikioni. Tumpe yuko mbele, mikono mitupu, anatembea kama anaenda sokoni.

"Vipi, shem?" Ezekia akaniuliza. "Ukilinganisha na Udzungwa?"

"Kule hewa nzito, shemeji. Hii ya huku nyepesi, inanipita."

Akanitazama kwa muda. Nikaona mshenga wangu anayeyuka.

Nikaomba kwenda kuchimba dawa, nikaingia kwenye miti pembeni ya njia. Huko nikawakuta akina mama sita wamekaa kwenye vitenge, wanaomba. Si jambo geni, watu wanapanda huku kuomba, wengine wamefunga siku tatu. Ndala zao wamezipanga pembeni vizuri.

Akili yangu ya kochi ikafanya kazi haraka. Nani atamwinua mtu anayesali? Nikakaa pembeni yao, nikafumba macho, nikasema nivute dakika kumi.

Tatizo, nilikuwa natetemeka. Jasho linadondoka, kifua kinapiga filimbi.

"Huyu kijana ana mzigo," mmoja akasema.

Mikono ikanijia kichwani. Kiongozi wao, niliyekuja kumjua kuwa ni Mama Esnath, muuza mchele wa Chimala, akaniinamia.

"Mwanangu, una nini?"

Nikajaribu kujibu, ikatoka sauti ya mbuzi.

"Pepo linagoma," mwingine akasema, na mikono ikazidi kukaza.

"Sema kinachokubana," akasema Mama Esnath, "tukuachie."

Niliposikia kuachiwa, nikaona nitoe dhambi moja ndogo yaishe.

"Nimedanganya, mama. Nimemwambia mchumba wangu napanda milima. Sijawahi."

"Endelea."

"Nimesema nakimbia kilometa kumi kila asubuhi. Nakimbiaga nikichelewa basi."

"Endelea, baba."

Sijui ile "endelea" yake ilikuwa na nini. "Naogopa," nikasema. "Akinijua nilivyo, ataniacha. Ndiyo maana naongeza. Na sasa kaka yake amenileta huku, na mimi sifiki, mama. Hata nusu sifiki."

Nikaanza kulia. Kulia kweli, si maigizo.

Mikono iliponitoka kichwani nikafungua macho. Kikundi kizima kimesimama nyuma ya wale akina mama. Walikuja kunitafuta. Tumpe alikuwa ananiangalia kama anavyomwangalia mgonjwa aliyempa jina la uongo hospitali.

Ezekia akavua miwani. "Dada, umesikia kwa masikio yako. Mwongo huyu. Mshenga asije."

"Na wewe, Kamanda," Mama Esnath akamgeukia, "kile kibao umekuja nacho leo?"

Ezekia akalikumbatia begi lake.

"Kibao gani?" Tumpe akauliza.

"Si kipo humo kwenye begi. Kimeandikwa KILELE. Sisi huwa tunapita kwenda juu, tunamwona anatangulia kwenye lile jiwe la katikati, anakisimika, nyie mnafika na ukungu, juu hakuonekani, mnapiga picha, mnageuza. Kilele kiko mbele mwendo wa saa nzima. Tulidhani mmekubaliana."

Devotha akalifungua begi mwenyewe. Kibao kikatoka, rangi nyekundu, herufi nzuri kabisa.

"Magoti," Ezekia akasema, sauti imeshuka. "Magoti yangu hayafiki kule. Nilianza mara moja tu, watu wakafurahi, nikashindwa kurudi nyuma."

"Njoo ukae hapa," Mama Esnath akamwambia, na ile mikono ikahamia kwake.

Ningecheka, kama si uso wa Tumpe.

"Miaka miwili, kaka," akasema. "Wodini nimewaonyesha wenzangu zile picha. Umenifanya mwongo bila mimi kujua." Kisha akamgeukia Mama Esnath. "Mama, leo mnafika juu?"

"Tunafika, mwanangu."

"Naomba twende wote."

Wakavaa ndala zao wakaondoka naye. Mimi hakuniangalia.

Wengine wakafungua mayai ya kuchemsha. Ezekia akasema tushuke tukamsubiri chini. Nikawaza nimsubiri chini nimwambie nini? Nikasimama, nikafuata.

Hatua ishirini, nakaa. Hatua kumi, nakaa. Mahali pengine nilitambaa, sina wa kumficha tena. Nilifika mahali pa nyasi tupu, hapana hata jiwe la kupigia picha, miguu ikagoma kabisa.

Baada ya muda mrefu nikasikia wanashuka wanaimba. Mama Esnath akanipa chupa ya maji.

"Mama," nikamuuliza, "lile pepo limetoka?"

"Pepo gani? Ulikuwa umeishiwa pumzi tu. Wenzangu ndio walidhani. Mimi nilikuona tangu unakaa. Lakini mtu akichoka vile anakosa nguvu ya kudanganya, nikaona nisiipoteze nafasi."

Akapita zake. Tumpe akabaki amesimama.

"Gwe Jofrey," akaniita kwa Kinyakyusa chake, "umefika wapi?"

"Hapa."

"Kileleni umefika?"

"Hapana. Na nisingefika."

Akakaa kwenye nyasi pembeni yangu. Akasubiri wale mama wapotee kwenye miti.

"Jumatatu mshenga asije," akasema.

Nilisikia uchungu ambao sijui niueleze vipi.

"Njoo wewe, Jumamosi. Utaanzia chini, utapita hapa. Siku utakayofika juu kwa miguu yako, mimi mwenyewe nitamwambia kaka apokee barua."

Leo ni Jumamosi ya kumi na moja. Nilipoishia, bado nusu saa hivi nifike juu, na Tumpe hakubali kunisogezea kilele hata hatua moja. Ezekia anatufuata nyuma na magoti yake, begi tupu. Kikundi tumebaki watatu, maana wengine wamehamia kuogelea.

Somo langu kwenu ni fupi. Ukiona lazima umdanganye mwanamke, mdanganye kuhusu kitu ambacho hakipandwi.

Wenzangu uongo wao huwa wanaulipa kwa aibu, siku moja yameisha. Wangu naulipa kwa miguu.