Imondo ya Mzee na Sala Ndefu

Kabla kiharusi hakijampata, mume wangu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: sala ndefu mezani. Mimi niko jikoni tangu saa kumi, nimesonga obusuma, ugali wetu, nimechemsha mboga ya mrenda, moshi umenitoa machozi, halafu mzee anainua kiganja cha kulia na kuanza kumshukuru Mungu kwa kitu kimoja kimoja. Asante kwa mvua ya leo. Asante kwa ng'ombe kukubali kukamuliwa. Asante kwa yule kijana wa bodaboda aliyefunga breki mapema pale darajani. Asante kwa bati lisilovuja, na kwa lile linalovuja, kwa sababu linavujia kwenye karai. Chakula kinapoa, nami nasema kimoyomoyo, jamani, Mungu ameshasikia, hata njaa yangu ameisikia.

Niseme ukweli, maana aibu ni yangu mwenyewe. Sikuwa nasubiri amina. Akifika kwenye bati nimeshafungua macho, nimeshika mwiko, naugawa ugali. Yeye aliendelea kunong'ona hadi mwisho wake huko, mimi nikigonganisha sahani. Tuliishi hivyo miaka ishirini na sita. Na kanisani watu walinisifu kwamba nina moyo wa shukrani, eti kwa vile naimba kwa nguvu.

Mwaka jana, tukivuna mahindi, akaanguka shambani. Upande wa kushoto ukafa na ulimi ukafungika. Aliporuhusiwa kutoka hospitalini, daktari alinieleza waziwazi kwamba koo lake linameza vizuri, mradi chakula kiwe laini. Akiacha kula, itabidi arudi awekewe mpira wa kulishia puani. Nilimtazama alivyokonda, nikajua moyoni kwamba nikimrudisha kule huenda nisitoke naye.

Mwanzoni alikula. Mgonjwa wa roho nilikuwa mimi. Nilimkasirikia Mungu, nikamlisha mume wangu bila sala, kijiko baada ya kijiko, kama mtu anayejaza mtungi huku akiwaza mambo mengine.

Alhamisi moja ushirika wa kanisa ukaja kwetu, akina mama sita pamoja na mzee wa kanisa. Nikachinja jogoo. Sasa, sisi Waluhya kuku wetu ana sheria zake. Firigisi, ndiyo imondo, ni ya mwenye nyumba. Mtoto mdogo analijua hilo. Nyumba zimewahi kukalishwa vikao kwa sababu imondo imepotelea jikoni. Lakini mimi nikafikiri, huyu wangu hatafuni, kwa nini nyama nzuri iharibike? Nikamwekea mzee wa kanisa. Aliiona, akamtazama mume wangu kwenye kiti chake pale pembeni, akasita. Halafu akaila ili asiniaibishe mbele ya watu.

Baada ya chakula akaniambia kwa upole, "Mama, tupe jambo moja la kumshukuru Mungu."

"Nishukuru nini?" nikasema. "Nilikuwa na mume, sasa nina mtoto wa kulisha."

Mume wangu alikuwa amekaa palepale, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Jioni hiyo akafunga mdomo. Ijumaa hakula. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia mbele yake kabisa. Alikubali maji tu. Siku ya kliniki ilikuwa Jumatatu, na nilijua watakachosema wakimpima.

Jumamosi jirani yangu akapita kumjulia hali mume wangu. Ni Mwislamu, mzaliwa wa Mumias, na mdomo wake haujui kuzunguka. Alimsalimia mzee, akakaa naye kidogo, kisha akanifuata jikoni. Nilimsimulia yote, nikidhani atanihurumia.

"Na imondo alikula nani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Dada yangu, wewe umezika mtu akiwa hai. Tena umemzikia nyumbani kwake, mbele ya wageni. Mimi ningekuwa yeye, hata hayo maji nisingekunywa."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Usiku ule nililala vibaya.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilichinja kuku wa pili, mtetea niliyekuwa namtegemea kwa mayai. Imondo niliichemsha hadi ikalainika, nikaitwanga kwenye kinu cha vitunguu mpaka ikawa kama uji mzito, nikaichanganya na mchuzi na ugali laini. Nikaandaa meza kama zamani. Nikamsogeza mezani kwenye nafasi yake ya siku zote, nikamwekea bakuli mbele yake, yeye wa kwanza.

"Baba, hii ni imondo yako," nikamwambia. "Nilikukosea. Nisamehe."

Aliitambua harufu, niliona. Nikapeleka kijiko. Mdomo ukabaki umefungwa. Hasira ikaanza kunipanda, nikawa karibu kusema maneno mengine mabaya, na hapo akainua kiganja chake cha kulia.

Sala. Mtu huyu alikuwa ananidai sala.

Nikaweka kijiko chini, nikafumba macho. Nilidhani nitakosa cha kusema, kumbe ile sala yake nilikuwa nimeimeza yote bila kutaka. Nikashukuru kwa mvua. Nikashukuru kwa ng'ombe, kwa kijana wa bodaboda, kwa koo linalomeza, kwa mkono mmoja ulio mzima. Nikashukuru kwa jirani mwenye maneno makali. Nilipofika kwenye bati nikalia hapo kidogo, nikasema amina.

Nikapeleka kijiko. Akatikisa kichwa. Akaninyooshea kidole kifuani.

"Nimeshaomba msamaha, Baba."

Akatikisa kichwa tena. Akainua kiganja, kisha akaninyooshea kidole kilekile, na machozi yalikuwa yakimtoka jicho moja. Ndipo nikakumbuka ule mnong'ono wake baada ya bati, ule ambao kwa miaka ishirini na sita niliufunika kwa kelele za sahani. Sala yake ilikuwa na mwisho, na mwisho huo sikuwahi kuusikiliza.

Nikafumba macho upya. Ilikuwa vigumu kuliko yote niliyoyasema.

"Na asante, Bwana," nikasema, "kwa huyu mama aliyepika."

Nilipofumbua macho, mdomo wake ulikuwa wazi, unangoja. Akameza cha kwanza, akameza cha pili, akamaliza bakuli lote. Na chakula kilikuwa kimeshapoa kabisa.