Samaki wa Dada Atupele

Juzi niliwaona wanafunzi wa Kyela wakitengeneza michezo kwenye kompyuta, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Dada yangu Atupele alinipeleka shuleni kwao Makwale, kwenye chumba kilichojaa harufu kali ya kakao iliyoanikwa nje. Aliandika mistari michache, na samaki akaanza kuogelea kwenye kioo. Mara umeme ukakatika, kompyuta ikanyamaza, samaki akatoweka. Nililia nikiamini amekufa.

"Hajafa, mdogo wangu," alisema. "Nimemwandika, na maandishi yapo."

Umeme uliporudi, samaki aliogelea tena. Sasa najua Atupele alikuwa amehifadhi kazi yake tu. Siku ile nilikimbia nyumbani kumwambia mama kwamba dada anafufua samaki. Mama aliacha kupepeta mchele, akajifunga khanga, tukaenda kumwona.