Sarafu ya bosi yenye picha ya msanii: bibi kaisugua kwa jivu na ndimu

Wakuu, salaam. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe hapa hapa Tanga.

Nauza kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, mwaka wa sita sasa. Alikuwa ameniahidi nikasimamie duka lake jipya la Pangani.

Mzee anakusanya sarafu. Kuna vijinchi huko Pasifiki, watu wake hawajazi hata uwanja wa mpira, vinatoa sarafu za fedha zenye sura za wanamuziki. Upande mmoja mfalme, upande wa pili msanii kapakwa rangi, lipstiki na kila kitu. Huwezi kununua nayo hata andazi, ni ya kutazama tu.

Binti yake aliyeko ng'ambo alimtumia moja. Mzee akienda Dar kupima macho, na dukani kuna mafundi, akanikabidhi.

"Kaa nayo nyumbani. Kava lake usilifungue."

Nikaiweka kabatini Raskazone, ninakoishi na bibi. Sikumwambia kitu. Hapo ndipo nilipoboronga.

Jumamosi bibi alikuwa anasafisha bangili zake za fedha, kuna harusi. Wazee wetu mnawajua: jivu, ndimu, kitambaa. Kaiona sarafu, kafungua kava, nayo kaisugua.

Narudi naikuta mezani inang'aa. Msanii hana uso! Zimebaki nywele kidogo.

"Bibi, umefanya nini?"

"Ilikuwa na marangirangi, mjukuu wangu. Nimeitakasa."

Nikairudisha kwenye kava, nikaificha kabatini.

Jumatatu mzee karudi, kaulizia. Nikajibu, "Ipo salama, naileta kesho." Kesho ikazaa kesho, siku nne. Natafuta nyingine mtandaoni, zimeisha. Mzee akikohoa tu, mimi jasho. Niliogopa jamani, nisiwafiche.

Ijumaa asubuhi bibi akanibana kwa nini sili. Nikamwaga yote. Akajitanda kanga, akaichukua sarafu, tukapanda bajaji mpaka dukani.

"Shikamoo bibi," mzee akasimama.

"Marahaba baba. Sarafu yako nimeisugua mimi, kwa kutojua. Kwamba ni yako nimeambiwa asubuhi hii. Unisamehe."

Mzee akaigeuzageuza, akacheka. "Hata mama yangu angeisugua."

Alhamdulillahi, nikashusha pumzi. Nikamtafutia bibi bajaji ya kurudi nyumbani.

Niliporudi ndani, mzee hacheki tena.

"Bibi amejua asubuhi hii, na asubuhi hii kaja. Wewe siku nne unaniambia ipo salama. Ukiwa Pangani nitakuwa mbali na wewe. Nitajuaje lipi la kweli?"

Pangani anakwenda mwenzangu wa hapa dukani, mimi nimebaki kupima vitambaa.

Wakuu, jambo likiharibika lisemeni likiwa bado bichi. Mimi uongo wa siku nne umenigharimu kuliko sarafu.

Haya, nisemeni, nimekaa hapa nasoma. Ila bibi yangu msimguse.