Kiti cha Nyuma cha Toleka ya Papa

Nilipokuwa mtoto, hapa Kisangani, hakuna mtu wa mtaa wetu wa Kabondo aliyeuliza kama wazimu unaambukiza. Tulijua kwamba unaambukiza. Tulichobishania ni njia yake. Wengine walisema unapita kwenye sahani, wengine kwenye kitana. Lakini watu wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walikuwa na imani yao wenyewe: mgonjwa wa kichwa akikaa kwenye kiti cha nyuma, wazimu wake unabaki pale kama joto, ukimngojea abiria atakayefuata. Kiti hicho lazima kipakwe majivu, kisha baiskeli ilale bila kazi mpaka mvua iinyeshee. Nani mwenye watoto angelaza baiskeli yake akingojea mvua? Basi hawakuwabeba wagonjwa hao hata kidogo.

Papa yangu alikuwa mtu wa toleka. Na mama mdogo wangu, Feza, aliugua kichwa.

Feza alikuwa mshonaji, mtu wa kucheka kwanza na kueleza kichekesho baadaye. Alipofiwa na mtoto wake mchanga, usingizi ulimkimbia, kisha akaanza kuwajibu watu ambao sisi hatukuwaona. Mume wake alimrudisha kwetu. Tulimpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi, wakamfungisha bila kula siku nyingi. Hapo mama akakata shauri, akamshika mkono dada yake, akaenda naye kwenye kituo cha afya, kile kile tulichotibiwa malaria na kuchanjwa surua. Kumbe muuguzi wa pale alikuwa amefundishwa kuwahudumia watu wenye shida kama ya Feza. Nilikuwapo, mama hakuwa na mtu wa kuniachia.

Mama aliomba apewe dawa, awe anazifuata mwenyewe kila wiki.

“Hapana, mama,” muuguzi akasema. “Weye haugonjwe. Nataka yeye mwenyewe akae hapa, aniambie namna alilala. Bila ile, nitajuaje kama dawa iko inamusaidia?” Akageuka. “Feza, utakuja?”

Tulikuwa tumemzoea kama mzigo unaosemewa. Swali lile lilimkuta bila kujiandaa. Akasema: “Nikipata mwenye kunileta.”

Huo ndio uliokuwa mtihani wetu. Kwa miguu haikuwezekana: honi za pikipiki zilimtia hofu, akakimbia, na watoto wakamfuata wakimwimbia. Wenye pikipiki walikataa, wenye toleka walikataa. Alibaki papa. Jumanne ya kwanza, siku aliyopangiwa na muuguzi, papa alitoa baiskeli, akafuta kiti kwa kiganja kana kwamba anapakia bibi harusi, akamwambia shemeji yake: “Shika shati yangu. Ukiogopa, vuta.”

Alivuta sana. Shati lilirudi limechanika kwapani. Lakini walifika, na Jumanne iliyofuata walifika tena, na usingizi wa Feza ukaanza kurudi, kidogo kidogo.

Abiria wa papa ndio waliopotea. Pale njia panda alipokuwa akingojea watu pamoja na wenzake, mama za sokoni walipita mbele yake na vikapu vyao wakaenda kupanda kwa jirani. Nyumbani sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikosa samaki, kisha ikakosa mafuta. Mwenzake mmoja, Bolamba, mtu wa mdomo usiochoka, alimkaribisha kila asubuhi: “Mukubwa, kiti yako bado iko moto?” Wote wakacheka. Papa alijaza upepo kwenye gurudumu lililokuwa limejaa tayari.

Siku moja nilitoka shule nikapita pale kumfuata papa. Zamani alinipakia, nikarudi nyumbani kama malkia. Tangu aanze kumbeba Feza, alikuwa akiisukuma baiskeli huku mimi nikitembea kando yake. Nilidhani ananihurumia makalio, kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo. Bolamba ndiye aliyenifumbua macho.

“Donc, kama hii maneno ya kiti ni bongo, ni uongo tu,” alisema kwa sauti ili kila mtu asikie, “mbona mutoto yako anatembea na miguu?”

Papa alitazama usukani. Mimi nilimtazama yeye, na nikaelewa, na kuelewa kule kuliniumiza: papa naye aliamini. Siku zote zile, akimpeleka Feza na kumrudisha, aliamini, na alikuwa akinikinga.

“Unaogopa?” akaniuliza polepole.

“Ndiyo, papa.”

“Mimi pia.”

Hakuniambia nipande. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote. Alisimama tu, mkono mmoja kwenye kiti, na mimi nikamwona Feza kichwani mwangu, anangojea Jumanne, na papa akishindwa kwa sababu ya njaa yetu. Nikaweka mfuko wangu wa shule kifuani, nikapanda.

Kiti kilikuwa na joto. Jua la saa saba, lakini nani angenishawishi? Nikafumba macho na kuanza kujipima akili. Nilijiambia kwamba mwenye wazimu hawezi kujua hesabu ya saba, basi nikaisema kwa nguvu, kwa mwendo wa pedali: saba mara mbili, saba mara tatu, saba mara nne. Mama mmoja muuza ndizi akaweka mikono kichwani: “Yesu! Wazimu umeshamushika! Anasema peke yake!”

Papa alikanyaga haraka zaidi. Kisha, bila kugeuka: “Saba mara nane?”

“Hamsini na sita!”

“Bon,” akasema, na mgongo wake wote ukapumua.

Nyumbani Feza alikuwa kibarazani akichambua sombe. Aliniona nikishuka. Akatazama kiti, akanitazama mimi, akakunja uso kama mwalimu.

“Nani alikupa ruhusa ya kukaa kwenye nafasi yangu?”

Kisha akacheka. Mama alitoka jikoni mbio kuona ni nani aliyecheka, akasimama mlangoni, mwiko mkononi, machozi yakimshuka.

Tangu siku ile nilipanda kila siku, mbele ya macho ya wote, na kila siku nilibaki na akili zangu. Abiria walirudi mmoja mmoja, wengine kwa kuona, wengine kwa sababu mvua ilikuwa karibu na mzigo ulikuwa mzito. Bolamba naye alikuja, asubuhi moja, nyumbani, bila mdomo wake.

“Mukubwa, mudogo yangu iko vile vile kama Feza. Tunamufungia ndani. Jumanne utamupeleka?”

“Baiskeli yako iko na nini?”

“Mukubwa, wateja watanikimbia.”

“Watukimbie wote mbili. Twende pamoja.”

Jumanne zikatoka toleka mbili. Feza, tayari kitini, alimpigia kelele yule kijana aliyekaa nyuma ya Bolamba, kaka yake: “Shika shati ya yaya yako, anaendesha mubaya!”

Leo Feza anashona tena. Bado anakwenda kituoni, mara chache kuliko zamani. Kuna majira yanayomlemea, na anayajua, na huyasema mapema. Mimi nimesoma, ninaandika mashairi, na kwa miaka mingi nilimsifu papa kwa watu kama mtu aliyeona mbali kuliko mtaa wake. Mwaka jana nilimuuliza ni lini hasa aliacha kuamini habari ya kiti.

“Kuacha?” akasema. “Wakati ule nilikuwa naamini kabisa.”

“Na bado ulimbeba?”

Alinitazama kana kwamba elimu yangu imeniharibu. “Sasa angeenda na nani?”

Nimeacha kumsifu kwa alichokijua. Namsifu kwa sababu aliogopa kama wenzake wote, na Jumanne ilipofika, alitoa baiskeli.