Sufuri Nne Mbele ya Kamati ya Maji

Hata leo nikiwa na shughuli Kathonzweni huwa napitia nyuma ya soko, kwa sababu mbele iko ofisi ya mradi wa maji, na pale ndipo niliaibika mbele ya watu wazima. Nimewacheka wengi maishani, sasa nichekeni.

Mradi ulikuwa unatafuta mtu wa kutunza kompyuta, na mimi (diploma mkononi, mdomo kama redio) niliitwa nieleze mbona ile ya karani, Mama Mbithe, inajikokota. Mwenyekiti alishaamua kwamba mashine ni nzima, mama ndiye mvivu, na ningethibitisha hivyo angefutwa siku hiyo hiyo. Nilikuwa na programu niliyoandika mwenyewe ya kupima prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina kazi kiasi gani, kiini kimoja kimoja, maana ina viini vinne vinavyogawana kazi. Sasa, programu ilikuwa inasubiri sekunde moja kabla ya kutoa majibu, nikaona nitaonekana mzembe mbele ya kamati, basi nikaifuta hiyo sekunde.

Nikabonyeza, zikatoka sufuri nne, moja kwa kila kiini. Mwenye akili angeshtuka, lakini mimi nikakohoa na kutangaza kwamba mashine hii haina kazi yoyote inafanya (na printa iko nyuma yangu inatema bili za maji, kelele mpaka narudia maneno). Mwenyekiti akatabasamu.

Mama Mbithe hakuinua sauti. "Kijana, hiyo kitu yako umesoma mara ngapi?"

Nikasema mara moja.

"Na mita ya maji ukisoma mara moja, utajuaje mtu ametumia maji ngapi?"

Kamati ikaangua kicheko, maana pale kila mtu anajua: unasoma leo, unasoma tena baadaye, unatoa. Prosesa nayo hupimwa hivyo hivyo, na sekunde niliyofuta ndiyo ilitenganisha kusoma kwa kwanza na kwa pili; bila hiyo, ukitoa unabaki na sufuri. Nikairudisha, nikabonyeza tena: kiini kimoja asilimia mia, vingine vitatu vimelala, kwa sababu programu ya bili ilikuwa inatwika kimoja mzigo wote. Mzee mmoja akauliza kama hivyo vitatu navyo hulipwa posho ya kikao. Mwenyekiti naye akasema alinitilia shaka tangu mwanzo (muongo mkubwa).

Mama Mbithe alibaki na kazi yake, na ile ya kutunza kompyuta niliyoitafuta akaongezwa yeye. Niliumia, lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba nusura nimfukuzishe mama wa watu ili nionekane mwepesi. Nimeapa sitapima tena mashine ya mtu kabla sijamuuliza anayeitumia.