Fimbo Nyembamba ya Mama

Mama yangu aliuza mbuta, wale sangara wakubwa wa ziwani, kwa miaka arobaini bila kuvua hata mmoja. Kwetu kando ya ziwa, mwanamke hakupanda mtumbwi wa kuvulia. Walisema akipanda, nyavu zitarudi tupu. Basi kila alfajiri Mama na wenzake walisimama majini na makarai yao, maji yakiwafika magotini, wakingoja mitumbwi irudi ili mwanamume mmoja aamue nani atapewa samaki na nani atarudi na karai tupu. Wengine kati ya wavuvi hao hawakutosheka na pesa, walitaka na miili ya wanawake. Mama alikataa mambo hayo tangu siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo alipewa wa mwisho kila mara, wale waliopondeka, wa kuuzwa haraka kabla jua halijapanda. Kwa samaki hao waliopondeka alitusomesha sote wanne.

Mwaka huu alikuja kukaa kwangu Eldoret kwa ajili ya bega lake la kulia, ambalo lilikuwa limegoma kabisa. Daktari alimpa mazoezi ya wiki sita. Mimi ni karani, nyumba yangu ina vyumba viwili, na Mama si mtu wa kukaa. Wiki ya kwanza alifua mapazia. Wiki ya pili alipanga jikoni upya mpaka nikawa namwomba ruhusa ya kuchukua chumvi. Wiki ya nne, tukiwa mezani, akasema bila kunitazama:

"Nataka kuvua samaki mmoja kwa mkono wangu kabla sijarudi nyumbani."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikameza kicheko changu pamoja na ugali.

Kazini kuna bwana mmoja mwenye shamba upande wa Turbo, na katika shamba hilo kuna bwawa alilopandikiza ngege, yaani tilapia. Nilipomweleza, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Akasema mvua ndiyo kwanza imeanza, maji yanapanda, na ngege wadogo wamekuja pembeni ambako maji yana joto kidogo. Tuje Jumamosi yoyote. Alinionya jambo moja tu: samaki wa msimu huu ni wa ukubwa wa kiganja, kwa hiyo tutafute fimbo nyepesi. Tulikuwa na Jumamosi mbili kabla Mama hajaondoka.

Duka tulilolipata mjini huuza mipira, jezi na baiskeli, na pale nyuma kabisa, kwenye pipa la plastiki, fimbo za kuvulia. Mwenye duka ni mzee mpole ambaye huenda kuvua kwenye vijito vya baridi kule Timboroa. Mama alizichagua fimbo zile jinsi anavyochagua samaki. Kwanza alizikataa zote zilizokuwa mbele, kwa sababu cha mbele huwekewa wageni. Kisha akaingiza mkono hadi chini, akatoa moja baada ya nyingine, akazibonyeza kwa kidole gumba, akanusa hata mpini. Mwenye duka alimpa fimbo nyembamba, akamwambia kwa heshima kwamba kwa samaki wadogo hiyo inatosha. Mama akamtazama kwa huruma.

"Hii ni ya kufukuza kuku," akasema. "Mimi nimeuza samaki ya kilo thelathini."

Akachukua iliyo nene kuliko zote, ngumu kama mti wa jembe, na rili kubwa ya kukunjia mshipi ambayo ingefaa kuvuta gari kutoka matopeni. Nilijua amekosea. Lakini nani angebishana na mtu aliyekuwa ameshika mbuta maelfu, na mimi sijawahi kushika hata mmoja akiwa hai? Nikabeba mzigo.

Jumamosi ile ya kwanza nisingependa kuikumbuka. Fimbo ilimlemea bega kabla ya saa nne. Alitupa ndoana yenye mnyoo, akangoja, akavuta: ndoana tupu. Akaweka mnyoo mwingine, ikarudi tupu tena. Ngege walikuwa wanakula pale chini kama watu wa harusi, wala yeye hasikii lolote, kwa sababu mguso wa samaki wa kiganja hauwezi kupanda kwenye mti wa jembe hadi mkononi. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshikilia bega kwa mkono wa kushoto, na uso wake umefungwa.  Njiani kurudi mimi kwa ujinga wangu nikamwambia si lazima, kwamba kujaribu tu kunatosha. Akanikata jicho, nikatazama mashamba ya mahindi mpaka tukafika.

Jumatatu niliporudi kutoka kazini sikumkuta nyumbani. Jirani akaniambia amekwenda mjini peke yake, fimbo ile nene mkononi. Nilimfuata mbio huku nikiwaza jinsi nitakavyomtetea, maana nilidhani amekwenda kugombana. Nilimkuta amesimama mbele ya mwenye duka, kitambaa chake kichwani kimenyooka, na nikasikia akisema:

"Mzee, uliniambia ukweli na mimi nikakudharau. Nimekosea. Nifundishe."

Nimefanya kazi ofisini miaka kumi na minane na sijawahi kumsikia mtu akisema maneno hayo bila kutafuta pa kujificha. Mama aliyasema kichwa juu. Nilijivunia kuwa mtoto wake, na papo hapo nikaona aibu kwamba nilikuja kumtetea.

Mwenye duka hakuringa. Alifunga mshipi kwenye fimbo ile nene, akaupitisha katika vipete vyote, akampa Mama aishike na kumwambia afumbe macho. Kisha akatembea na mshipi hadi mlangoni, akaugusa kwa ncha ya kidole. Mama akangoja. Mzee akaugusa mara ya pili, na ya tatu. Mama akauliza lini tunaanza.

Wakafanya hivyo na fimbo tatu nyembamba. Ya kwanza ilikuwa laini toka ncha hadi mpini, na mguso ulipotea katikati. Mama alisema anausikia lakini kwa mbali, kana kwamba mtu anabisha hodi kwa jirani. Ya pili ilikuwa nzuri ila ndefu, na baada ya dakika chache nikaona bega linaanza kushuka. Ya tatu ilikuwa ya vipande viwili vya kuunganishwa, urefu wake umenipita kidogo tu, ncha yake laini na kiuno chake kigumu kiasi. Mpini ni mfupi, wa koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa. Mzee akagusa mshipi kule mlangoni.

"Hapo," Mama akasema, macho yamefumbwa. Kisha, "Hapo tena." Kisha kimya, kwa sababu mzee alikuwa hajagusa kitu, alikuwa anamjaribu. Wote wawili wakatabasamu, kila mmoja upande wake wa duka.

Hata hivyo hakuichukua mara moja. Aliweka rili ndogo aliyopewa, akanyoosha mkono wa kulia mbele, na akaanza kunisimulia habari za shangazi yangu na kesi yake ya mpaka wa shamba, habari ndefu, kutoka mwanzo. Sikuelewa kwa nini anaisimulia dukani. Alipofika mwisho akatazama mkono wake, ambao ulikuwa bado umenyooka, akasema hii bega haijalalamika. Ndipo akauliza bei, na hapo mwenye duka akagundua ni mfanyabiashara wa namna gani aliyesimama mbele yake. Ile nene ilirudi pipani.

Jumamosi ya mwisho kulikuwa na mawingu na baridi ile ya huku Eldoret inayopenya sweta. Mwenye bwawa alitutengea viti viwili, lakini Mama hakukaa. Alisimama ukingoni na fimbo nyembamba, mshipi mwembamba, ndoana ndogo, na kipande cha mnyoo badala ya mnyoo mzima. Nilimwona akisikiliza. Sijui neno jingine la kueleza alivyokuwa amesimama. Mwili wote ulikuwa unasikiliza kupitia kiganja kimoja. Mara mbili alitikisa kichwa na kusema bado. Mara ya tatu hakusema kitu. Aliinua mkono kidogo tu, fimbo ikapinda ncha, ikakaa imepinda.

Alimleta taratibu, bila papara. Ngege alitoka majini aking'aa, si mkubwa kuliko kiganja changu. Mama akamshika kwa mkono uliolowa, akatoa ndoana kwa ustadi ambao hakuna aliyemfundisha, akamtazama.

Mwenye bwawa, ambaye nia yake ilikuwa njema kabisa, akamwambia, "Mama, huyo bado mtoto. Mrudishe tu kwa maji." Nami nikadakia kwamba kweli, ni mdogo sana, amrudishe.

Mama hakuinua macho.

"Miaka arobaini nimengoja mwanaume aniambie samaki gani ni yangu," akasema, sauti ya chini kabisa. "Huyu, hakuna mtu ataniambia."

 Mwenye bwawa akasema pole, Mama, na alimaanisha. Kwenye nyasi palikuwa na ndoo yetu yenye maji, na Mama aliitazama, kisha akamtazama samaki, na sikujua kabisa atafanya nini. Nilichojua ni kwamba sikuwa na haki ya kusema neno jingine.

Akavua viatu. Akaingia majini hatua mbili, akachutama kwa shida, mkono wa kushoto gotini, akashusha ule wa kulia hadi chini ya maji na kufungua vidole. Ngege alikaa kiganjani mwake kitambo, hajui kama ameachiliwa, halafu akaenda.

"Nimemwachilia mimi," Mama akasema, na nikaanza kulia mbele ya mfanyakazi mwenzangu bila hata kugeuza uso.